Funza na Simbi: Nani Hasa Mnyonyaji?



Leo tuwaweke viumbe wawili mezani. Wa kwanza ni funza, wengine humwita tekenya: kiroboto mdogo wa kama milimita moja anayejichimbia kwenye nyama ya mguu. Wa pili ni simbi, lile kombe dogo linalong'aa ambalo watu wa pwani huliita kauri, na ambalo huku kwetu Kaliua utaliona zaidi kwenye mavazi ya wacheza ngoma au kwenye vifaa vya mganga. Mmoja ni mdudu mnyonyaji. Mwingine ni konokono wa baharini. Ukiwauliza watu kumi ni yupi kati yao mbaya, wote kumi watakujibu funza, tena bila kufikiri. Mimi naomba tufikiri kidogo, kwa sababu jibu la haraka hapa linaweza kutufanya tumuumize mtu.

Walipita njia zetu

Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, nchi hii ya Unyamwezi ilikuwa barabara kuu ya miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikaja Tabora, ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Tabora ilikuwa njia panda: ukienda magharibi unafika Ziwa Tanganyika, ukienda kaskazini unafika Karagwe na Buganda. Kwenye mizigo ya kwenda kaskazini ndimo simbi zilimosafiri, kwa sababu Buganda zilikuwa fedha. Mtu alinunua mbuzi kwa simbi, akalipa kodi kwa simbi, na hali iliendelea hivyo hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa hiyo simbi zilitoka mashariki, kwenye miamba ya Zanzibar na Mafia. Na funza je? Wengi hudhani funza ni wa hapa tangu enzi za Adamu. Kumbe ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mwaka unaotajwa sana ni 1872, meli kutoka Brazil ilipofika Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na mchanga wa kuipa uzito, na ndani ya mchanga huo mlikuwa na funza. Kutoka hapo alisafiri kwa miguu ya watu, kwa maana halisi kabisa ya maneno hayo. Alipanda na wapagazi na askari kupitia Kongo, akafika kwenye maziwa makuu, akafuata njia za misafara kuelekea mashariki. Kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Amevuka Afrika nzima kwa kama miaka 25, na yeye mwenyewe hawezi hata kuruka mbali.

Simbi inatoka bahari ya mashariki, funza anatoka bahari ya magharibi, wote wawili wamebebwa na binadamu.

Mahubiri mepesi

Sasa hapa kuna mahubiri mepesi yanayojileta yenyewe. Tazama jinsi kila mmoja anavyoishi.

Funza jike anaingia kwenye ngozi, kichwa ndani, sehemu ya nyuma ameiacha nje kidogo ili apumue na kutaga mayai. Anakunywa damu na kuvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Mayai yanadondoka kwenye vumbi, yanaanguliwa, na kizazi kingine kinatafuta mguu mwingine. Baada ya wiki chache anakufa humohumo ndani, akamwachia mwenye mguu kidonda.

Simbi akiwa hai anatambaa kwenye mwamba na nyasi za baharini, anakula vitu kama mwani, na mara nyingi usiku. Kombe lake analijenga mwenyewe, kidogo kidogo, kwa madini anayoyapata baharini. Ule mng'ao unaousifia unatokana na ngozi laini inayotoka ndani na kulifunika kombe kwa nje, ikililinda na kulipaka tabaka jipya. Jike akishataga hukaa juu ya mayai yake kuyalinda. Hamsumbui mtu. Na akifa anaacha kitu kizuri.

Basi mhubiri mvivu anafunga kitabu hapo: ndugu zangu, msiwe kama funza, muwe kama simbi. Amina, twende nyumbani.

Ningependa tusiende nyumbani bado, kwa sababu mahubiri hayo yana matobo mawili makubwa.

Tobo la kwanza: kizuri kilichonunua watu

Simbi haikuwahi kufika bara ikiwa hai. Ili wewe upate kombe, konokono lazima afe. Wavunaji waliwarundika hadi nyama ikaoza, kisha wakayaosha makombe. Katika karne ya 19 makampuni ya Hamburg yalisomba simbi za Zanzibar kwa shehena za meli na kuzipeleka Afrika Magharibi. Na karne mbili kabla ya hapo wafanyabiashara wa Ulaya walikuwa wakizitoa simbi za Maldivi, wakizunguka nazo hadi pwani ya Guinea na Benin. Walizinunulia nini? Pamoja na vingine, walizinunulia watu. Kwa kipindi kirefu simbi zilikuwa sehemu kubwa ya malipo ya watumwa kwenye pwani ile.

Hebu tulia hapo kidogo. Kiumbe asiyemdhuru mtu, kombe lake safi, jeupe, zuri la kupendeza, likageuzwa kuwa bei ya mtoto wa mtu. Funza kwa ubaya wake wote hajawahi kumtenganisha mama na mtoto wake sokoni. Simbi ilitumika hivyo.

Je, simbi ni mbaya basi? Hapana. Simbi haikutenda chochote. Na kwa kipimo hichohicho, funza naye hakutenda dhambi. Hana akili ya kuchagua wala dhamiri ya kumsuta. Anafanya kile ambacho mwili wake unajua kufanya. Dhambi inahitaji mtu anayejua na anayetaka, na hao wawili hawajui wala hawataki.

Bwana wetu alilisema jambo hili wazi katika Injili ya Marko sura ya 7. Walikuwa wanabishana juu ya mikono isiyonawa na vyakula, Yeye akawageuza watazame ndani. Kinachomtia mtu unajisi kinatoka moyoni mwake: tamaa, wizi, uovu, kiburi. Kwa hiyo ukitafuta mnyonyaji wa kweli kwenye ile njia ya misafara, usimtafute kwenye ukucha wa mpagazi wala kwenye gunia la simbi. Mtafute kwenye moyo wa aliyemtazama mtu akaona bei.

"Lakini mbona Mungu alimuumba funza?" Swali zuri, nalo ni la zamani. Mtakatifu Augustino aliulizwa kuhusu viumbe wanaodhuru, akatoa mfano wa mtu asiye fundi anayeingia kwenye karakana. Anaona vyombo vingi asivyovijua, anajikata kwa kimoja, halafu anasema vyombo hivi ni vibaya. Fundi anajua kila kimoja kina kazi gani. Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 anatukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele za Mungu, hata kabla hatujauliza kina faida gani kwetu. Mfano wa Augustino haukuponyi kidonda, nakubali. Unatuzuia tu tusimpe mdudu lawama ambayo ni yetu. Mdudu huyu tulimbeba wenyewe kuvuka bahari. Na anabaki pale ambapo sakafu ni vumbi, viatu hakuna, maji ni ya shida. Mwenye sakafu ya saruji na sabuni ndani mara nyingi hamjui kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ubaya wa funza ni umaskini wa jirani ambao tumeuzoea.

Tobo la pili: nani anaitwa kupe?

Tobo la pili linatuuma sisi vijana zaidi. Ukisema "usiwe kama funza", mara moja watu wanaanza kutafuta nani ni funza. Na wanampata haraka: yule asiye na kitu.

Unamjua kijana aliyemaliza shule, akatafuta kazi mwaka wa kwanza, wa pili, na bado analala kwa kaka yake. Siku moja shemeji anakasirika jikoni, neno linatoka: "Kupe mkubwa wewe, unatunyonya tu." Unamjua bibi ambaye hawezi tena kulima, anasikia wajukuu wakihesabu sahani yake. Unamjua mtoto mwenye ulemavu ambaye ndugu wanamwita mzigo. Labda kijana huyo ni wewe unayesoma hapa sasa hivi. Na labda umeanza kuamini neno hilo.

Basi nisikilize. Kutegemea si kunyonya.

Kila mmoja wetu alikaa miezi tisa ndani ya mwili wa mtu mwingine akila chakula chake, akipumua kwa pumzi yake. Baada ya hapo tulinyonya, tena kwa maana ya kweli ya neno. Hakuna mama mwenye akili timamu aliyewahi kumwita mtoto wake funza kwa sababu hiyo. Mwana wa Mungu mwenyewe alikubali kulishwa na Bikira Maria, kuvishwa, kubebwa hadi Misri. Alipokuwa mtu mzima na anahubiri, Injili ya Luka sura ya 8 inatuambia kuna wanawake waliomhudumia yeye na mitume kwa mali zao. Kama kutegemea kungekuwa dhambi, tungepata shida kubwa na Krismasi.

Tofauti iko wapi basi? Funza hapokei, anachukua. Hamjui mwenye mguu, wala hatamjua. Kwake mguu si wa mtu, ni mahali tu pa kula. Huo ndio unyonyaji: kumfanya mtu awe mahali. Anayetegemea kwa upendo anamjua anayempa. Anashukuru, anateka maji, anafagia uwanja, anamwombea, na kama hana nguvu hata ya hayo, uwepo wake ni wa mtu, unadai heshima. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike kwa ukali juu ya chakula na kazi, alimlenga aliyekataa kufanya kazi, hakumlenga aliyeikosa. Tusimtumie Paulo kumpiga kaka yetu.

Na hapo kipimo kinageuka. Unaweza kuwa na pesa, gari na suti, na bado ukawa unaishi kama funza. Mkulima wa tumbaku anayechukua vibarua kutoka Kigoma msimu mzima, kisha siku ya malipo anatafuta sababu ya kukata ujira wao: huyo anakula ndani ya nyama ya mtu. Barua ya Yakobo sura ya 5 inasema ujira kama huo unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Kijana anayemwambia binti anampenda, anachukua alichotaka, na tumbo likionekana anabadilisha laini ya simu: naye ni hivyohivyo. Hata binti anayeweka wanaume watatu kwenye simu kila mmoja kwa ajili ya vocha yake. Hata kijana anayemjua mzazi wake siku za ada na nauli tu. Hao wote wana uwezo wa kuchagua, na hapo ndipo wanapomzidi funza kwa ubaya, kwa sababu funza hakuchagua.

Lakini angalia, hata hao tusiwaite wadudu. Tunaweza kusema tendo lao ni la kinyonyaji, tukalipinga, tukadai haki. Jina la mdudu tusimpe mtu. Jirani zetu Rwanda walifundisha dunia nzima somo hilo kwa damu mwaka 1994, watu walipoitwa mende redioni kabla hawajauawa. Mtu akishaitwa mdudu, mkono wa jirani yake unakuwa mwepesi. Hapa wilayani kwetu kuna Ulyankulu, ambako maelfu ya watu wa Burundi walipokelewa kuanzia mwaka 1972 wakikimbia mauaji, na wengi wao baadaye wakapewa uraia wa Tanzania. Walifika mikono mitupu wakitegemea wengine. Ingekuwa rahisi kuwaita kupe. Wakapewa ardhi, wakafyeka msitu, wakalima. Zakayo naye alikuwa mnyonyaji wa waziwazi, na Yesu alimwita kwa jina lake, akaenda kula nyumbani kwake. Kwa sababu aliitwa kama mtu, aliweza kurudisha alichochukua.

Aliyekuwa na bei

Kuna mtu mmoja wa kanda yetu ningependa kila kijana wa Kaliua amjue: Adrian Atiman. Alizaliwa kule ambako leo ni Mali, nchi ambayo simbi zilikuwa fedha ya sokoni. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walimkomboa, akasomeshwa, akasomea udaktari Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kama katekista na daktari. Akabaki hapo. Alitibu watu kizazi baada ya kizazi hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956.

Mtoto aliyewekewa bei akaishi maisha yake yote akigusa vidonda vya watu wasio na bei mbele ya dunia. Angeweza kusema, "Mimi nilinyonywa, sasa ni zamu yangu." Wengi husema hivyo. Yeye alichagua vingine. Huo ndio uhuru ambao funza hana na simbi hana. Wewe unao.

Miguu

Sasa turudi chini, kwenye mguu wenyewe.

Mtoto mwenye funza anatembea kwa visigino. Darasani wenzake wanamcheka, anakaa nyuma, halafu anaacha kuja. Wengine husema ni uvivu wa kunawa, wengine husema nyumba yao imelogwa. Mara nyingine watu wazima wanamkamata, wanamchokonoa kwa pini mbele ya kundi zima, pini ileile kwa watoto watano. Hiyo ni hatari: vidonda vile vinaweza kuingiza pepopunda, na pini ya kushirikiana inaweza kuhamisha Ukimwi na homa ya ini. Na zaidi ya hatari, ni aibu ambayo mtoto haisahau.

Kila Alhamisi Kuu tunamwona padre anavua kanzu ya juu, anapiga magoti, anaosha miguu ya watu kumi na wawili. Mara nyingi miguu hiyo imeshaoshwa nyumbani kwanza, si ndiyo? Tunaona vibaya kumpelekea padre mguu mchafu. Lakini miguu ya mitume ilikuwa ya watembea vumbini. Yesu alishika miguu ya aina ile ambayo funza angeipenda. Katika Yohane sura ya 13 aliwaambia nao waoshane. Hakusema waigize mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo, vijana wa VIWAWA, vijana wa kwaya, vijana wa kigango chochote: wiki hii tafuteni nyumba moja. Nendeni bila kamera. Salimieni wazee wa nyumba kwanza, kaeni, ombeni ruhusa. Bebeni maji, sabuni na beseni. Kama funza wamezidi, msichokonoe, msindikizeni mtoto zahanati. Changeni viatu, hata kandambili mpya. Mkiweza mfuko wa saruji, pigeni sakafu ya chumba anacholala mtoto, au hata mwagieni vumbi maji na kulishindilia wakati mnasubiri saruji. Na yule kijana asiye na kazi, aliyeitwa kupe, mchukueni muende naye. Yawezekana ndiye anayejua kuchanganya saruji kuliko wote.

Maswali ya kutafakari

Kuna mtu gani ambaye kwangu amekuwa mahali pa kuchukua tu, na simjui tena kama mtu?

Kuna nani nimemwita mzigo, kupe, au jina la mdudu, usoni au kimoyomoyo?

Na mimi ninayetegemea wengine leo: nimeshukuru lini mara ya mwisho, na nimeacha lini kuona aibu ya kupendwa?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekubali kunyonyeshwa na Mama na kulishwa na marafiki, tuondolee aibu ya kupokea na tamaa ya kunyang'anya. Wewe hukumwekea mtu bei, ulijitoa mwenyewe. Utufundishe kupiga magoti mbele ya mguu wenye kidonda bila kinyaa na bila majivuno. Uwaangalie watoto wanaotembea kwa visigino, vibarua wanaosubiri ujira wao, na vijana wanaolala kwa ndugu wakisubiri kesho. Amina.

Mungu awabariki. Tukutane kwenye nyumba hiyo moja.